Viinimacho na presha ya macho: ubongo unapoziba pengo usilijue

Chukua karatasi nyeupe. Chora msalaba mdogo upande wa kushoto, kisha sentimita 8 kulia kwake weka kitone kinene, kama punje ya hindi. Funga jicho la kushoto, kodolea msalaba kwa jicho la kulia, na uisogeze karatasi taratibu kuja usoni. Ikifika kama sentimita 30, kitone kinatoweka. Isogeze zaidi, kinarudi.

Huo si ugonjwa. Mahali mshipa wa fahamu unapotokea jichoni kwenda ubongoni hapana chembehai za kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte aligundua doa hilo pofu katika miaka ya 1660. Sasa rudia, ila safari hii piga mstari unaopita katikati ya kitone. Kitone kitapotea, lakini mstari utauona mzima. Ubongo umechukua kilichopo pembeni, umeziba nacho pengo, na haukukuambia kitu.

Kubahatisha huku hutusaidia sana. Mwaka 1995 Edward Adelson wa Marekani alichora ubao wa draft wenye kivuli: mraba mmoja unaonekana mweusi, mwingine mweupe, kumbe rangi yao ni ileile kabisa. Ubongo ulishakisia kuwa ule wa kivulini umepunguziwa mwanga, ukauongezea weupe. Bila makisio hayo, shati lako jeupe lingegeuka kijivu kila unapoingia chini ya mwembe.

Lakini kwetu sisi wa kliniki za macho, tabia hiyohiyo inatuumiza. Presha ya macho, yaani glakoma, huua mshipa wa fahamu polepole, na kwa kawaida huanza na uoni wa pembeni. Mgonjwa haoni giza wala shimo, kwa sababu ubongo unaziba. Wengi huja wakitaka miwani ya kusomea tu, na herufi za ubaoni wanazisoma hadi mstari wa chini, maana katikati bado pazima. Kisha tunampima mgonjwa upeo wa kuona: anaweka kidevu kwenye mashine, anakodolea nukta, anabonyeza kitufe kila kitaa kinapomulika. Vitaa vinamulika upande mzima, kitufe kimya. Mwenyewe hana habari. Labda amekuwa akigongana na watu Kariakoo akidhani ni msongamano, au bodaboda zinamchomokea ghafla Buguruni akawalaumu vijana.

Naomba hili lieleweke vizuri: kilichopotea kwa glakoma hakirudi, si kwa dawa, si kwa upasuaji, si kwa miwani. Tiba huzuia kisiendelee kupotea. Na kusema "mimi naona vizuri" hakutoshi, kwa kuwa anayekupa jibu hilo ni ubongo uleule unaoziba.

Sisi Waafrika tunaupata ugonjwa huu zaidi, na mapema zaidi. Ukifika miaka 40, nenda ukapimwe hata kama huumwi. Mwombe daktari akupime presha ya jicho na pia auchungulie mshipa wenyewe, kwani wapo wanaougua glakoma huku presha ya jicho lao ni ya kawaida. Kama mzazi au ndugu wa tumbo moja anao, usisubiri 40. Na matone ya macho ya kununua dukani bila cheti uyaache: mengine yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na steroidi huweza kupandisha presha ya jicho.