Mwanamke, shanta na mstari wa mbele

Barazani Tanga, wengi huamini mwanamke hafai mstari wa mbele kwa kuwa hawezi mzigo wa askari. Kweli, kwa wastani wanaume wana nguvu zaidi za mabega. Ila wastani haumpimi mtu. Kazi yenyewe ndiyo impime, na hilo ndilo la haki. Norway ilifungua nafasi zote za mapigano kwa wanawake mwaka 1985.

Mzigo wa kupigania hushauriwa usizidi theluthi ya uzito wa mwili: mwenye kilo 60 abebe 20. Mara nyingi kinachoumiza ni shanta lililoshonwa kwa kiwiliwili kirefu: mkanda hushuka chini ya nyonga, uzito huning'inia mabegani, mikono hufa ganzi.

Jaribu: jaza shanta mchanga, pima kwa mizani ya dukani, kaza mkanda juu ya mifupa ya nyonga, kisha tembea kutoka Ngamiani hadi Raskazone.