Je, wajua kwa nini manga nyingi nzuri hupita bila kuonekana?

Mwombe shabiki wa manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, akutajie kazi kumi anazozipenda. Huenda saba kati yake unazijua hata kama hujawahi kufungua juzuu moja: One Piece, Naruto, Dragon Ball, Demon Slayer na ndugu zao. Majina hayabadiliki, ilhali Japani haijapungukiwa wachoraji. Majarida ya huko hutoa sura mpya kila wiki na kila mwezi, na nyingine mpya kabisa huanzia mtandaoni. Kwa nini basi zinazotufikia masikioni ni chache hivyo?

Ubora una sehemu ndogo katika jibu. Kati ya meza ya mchoraji na macho ya msomaji wa mbali kuna vichujio vitatu, na kila kimoja kina upendeleo wake.

Cha kwanza ni jarida lenyewe. Manga nyingi huzaliwa kama sura fupi ndani ya jarida, pamoja na hadithi nyingine kadhaa, ndipo sura zikikusanyika huchapwa kuwa juzuu. Jarida linalojulikana kuliko yote, Weekly Shonen Jump, lilianza mwaka 1968, na katikati ya miaka ya 1990 lilifikia kilele cha nakala milioni 6.53 kwa toleo moja. Ndani yake huwekwa kadi ya maoni ambayo msomaji huchagulia hadithi tatu zilizomfurahisha. Wahariri huzisoma kura hizo kwa makini sana. Hadithi inayoburuta mkia kwa wiki kadhaa hukatwa, na zipo zilizokatwa kabla hazijafikisha juzuu tatu.

Utaratibu huu umetuletea kazi kubwa, hilo halina ubishi. Ila unapendelea hadithi za aina fulani: yenye pambano mapema, mhusika anayependeka tangu ukurasa wa kwanza, na mwisho wa sura unaomwacha msomaji roho juu. Hadithi inayotaka kurasa mia mbili ili ikukolee haina nafasi pale. Ikibahatika huenda kwenye jarida la wasomaji wa umri mkubwa linalotoka mara moja kwa mwezi, ambako wasomaji ni wachache na mhariri hana pupa.

Kichujio cha pili ndicho kikali zaidi: anime, yaani katuni za Kijapani za kwenye skrini. Tazama Demon Slayer. Ilianza kuchapwa Februari 2016, ikawa inauza vizuri kiasi, basi. Anime yake ikatoka Aprili 2019, na kufikia mwisho wa 2020 nakala za manga zilikuwa zimepita milioni 100. Kurasa zilikuwa zilezile, na mchoraji hakurudia hata mstari mmoja. Kilichobadilika ni kwamba watu waliiona ikitembea kwenye skrini. Dungeon Meshi ya Ryoko Kui nayo ilianza mwaka 2014 na ikamalizika 2023, na anime yake ikaja Januari 2024 wakati hadithi imeshafungwa. Kwa watu wengi ikawa "manga mpya". Lakini studio haziwezi kuhuisha kila kitu, na huchagua zaidi kile kinachosisimua kikitembea. Manga ambayo uzuri wake umo katika ukimya, katika ukurasa usio na neno hata moja, huwa na bahati mara chache. Mushishi ya Yuki Urushibara, iliyohuishwa mwaka 2005, ni mojawapo ya hizo chache.

Cha tatu ni tafsiri. Mchapishaji wa nje hununua haki za kile anachoamini kitauzika, na imani hiyo hutofautiana nchi kwa nchi. Mchoraji Jiro Taniguchi, aliyeheshimiwa kwao Japani lakini hakuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa, aliabudiwa Ufaransa. Alipata tuzo ya Angoulême, tamasha la vitabu vya katuni la huko, mwaka 2003, na mwaka 2011 serikali ya Ufaransa ikampa nishani ya sanaa. Kwa hiyo mtu akikuambia manga fulani "haithaminiwi", muulize kwanza: haithaminiwi na nani? Kazi nyingi zinazoitwa hivyo zina tuzo kabatini na wasomaji wao waaminifu. Hazijavuka mpaka tu.

Mfano wangu wa siku zote ni Yokohama Kaidashi Kikō ya Hitoshi Ashinano. Ilichapwa katika jarida la Afternoon kuanzia 1994 hadi 2006, juzuu 14, na toleo rasmi la Kiingereza halikuanza kutoka hadi 2022. Alpha, roboti mwenye umbo la mwanamke, anatunza mkahawa mdogo ambao wateja wake ni wa kuhesabu. Bahari imepanda na kumeza miji, binadamu wanapungua polepole, na hakuna anayepiga kelele. Alpha huendesha skuta yake, hupiga picha, hungoja maji yachemke. Wanadamu wamefikia jioni yao na hadithi haitafuti wa kulaumiwa, wala hakuna adui wa kushindwa. Ukiisoma kwa haraka utasema hakuna kilichotokea. Soma juzuu tatu kwa utulivu, kisha tazama watoto wa sura za mwanzo walivyokua huku Alpha akibaki vilevile. Hapo utaelewa kwa nini walioipenda hawaiachi. Je, unaiona ikiponea kwenye kadi za maoni za kila wiki? Mimi siioni.

Ukishavijua vichujio, kutafuta kunakuwa rahisi: unapita kandokando yake. Njia ninayoiamini zaidi ni kufuata jarida badala ya kufuata aina ya hadithi. Ukipenda kitu, angalia kilichapwa wapi, kwa sababu wahariri wana ladha, na ladha hiyo hujirudia. Afternoon ndiko zilikotoka Mushishi na Blue Period, na ndiko Vinland Saga ilikohamia baada ya kuanzia jarida la kila wiki. Harta, jarida dogo zaidi, ndilo lililochapa Dungeon Meshi, na lile lililolitangulia, Fellows!, ndilo lililoanza kuchapa Otoyomegatari ya Kaoru Mori. Mori huchora taraza za mavazi ya Asia ya Kati uzi kwa uzi mpaka unaumia macho kwa niaba yake. Anayefuata orodha za "manga bora za mapambano" hawezi kukutana naye, labda kwa ajali.

Njia ya pili ni tuzo, lakini si tuzo zote. Ile inayoitwa Manga Taishō ilianzishwa mwaka 2008, na miongoni mwa wapiga kura wake wamo wauza vitabu, watu ambao kazi yao ni kumwambia mteja "jaribu hiki". Ina sharti moja la busara: kazi iliyopita juzuu nane haishindanishwi. Wakubwa wanawekwa nje makusudi. Ndiyo maana orodha yake hutangulia umaarufu: Frieren ilishinda 2021, na anime yake ikaanza 2023. Beastars ilishinda 2018, mwaka mmoja kabla ya anime. Mshindi wa kwanza kabisa alikuwa Gaku ya Shinichi Ishizuka, habari za mwokoaji wa kujitolea katika milima ya Japani. Anapanda kuwatafuta waliopotea, na mara nyingi anachokikuta ni maiti, naye huzungumza na maiti hao kwa upole kana kwamba wanamsikia. Wengi wanamjua Ishizuka kwa Blue Giant, ile ya muziki wa jazi. Gaku hawaijui, na hiyo ni hasara yao.

Hapo tumegusa njia ya tatu: mfuate mchoraji. Hitoshi Iwaaki alijulikana kwa Parasyte, iliyopata anime mwaka 2014. Tangu 2003 anachora Historie, maisha ya Eumenes, katibu wa Aleksanda Mkuu, na mwaka 2012 ikapata tuzo kuu ya manga iitwayo Tezuka Osamu. Ila inakwenda kwa mwendo wa kobe: juzuu ya 12 ilitoka 2024, miaka mitano baada ya ile ya 11. Asiye na subira asianze. Makoto Yukimura naye, kabla ya Vinland Saga, aliandika Planetes, hadithi ya wazoa takataka katika anga za juu, juzuu nne tu na imekamilika.

Neno "imekamilika" lina uzito. Zinazosahaulika haraka ni zile fupi, kwa kuwa hazina juzuu mpya ya kuzikumbusha kila baada ya miezi michache, wakati ndizo rahisi kuzijaribu. Anayetaka kuonja bila gharama anaweza kutumia MANGA Plus, programu iliyozinduliwa na mchapishaji Shueisha mwaka 2019, ambayo kwa hadithi nyingi hufungua bure sura chache za mwanzo na za karibuni. Kasoro yake ni kwamba ina kazi za mchapishaji huyo peke yake, na sura tatu hazitoshi kuihukumu hadithi ya mwendo wa taratibu. Hizo zipe juzuu nzima.

Na kama unataka moja ya kuanzia, mimi ningekupa ya Fumiyo Kouno. Huenda umeiona filamu ya 2016 iliyotokana na kazi yake kuhusu Suzu na mji wa Kure wakati wa vita. Kabla ya hapo, mwaka 2004, alitoa juzuu moja nyembamba, Yūnagi no Machi, Sakura no Kuni. Inaanza Hiroshima, miaka kumi baada ya bomu, na msichana anayefanya kazi, anayecheka na wenzake, anayeshona, na asiyeweza kujiruhusu kupendwa. Haina mlipuko uliochorwa kwa mbwembwe. Inamalizika kwa kikao kimoja, nayo ina kurasa mia moja hivi.