Daftari likisema "zawadi", usifunge faili

Kazi yangu ni kutafuta vitu vya kale vinavyotunzwa chuoni vilitoka kwa nani na vilipatikanaje. Wiki iliyopita nimeulizwa tena, safari hii na mtu mwenye shahada mbili: "Sasa unatafiti nini, wakati rejesta inaonyesha kitu hiki kilitolewa zawadi mwaka 1938?"

Neno hilo zawadi limenichosha. Rejesta inakutajia aliyekifikisha chuoni, basi. Chukua mfano: bwana shauri, yaani afisa wa wilaya wa kikoloni, alistaafu, akafa, mjane akapeleka boksi moja chuoni. Daftarini mjane ndiye mtoaji, na jinsi marehemu alivyokipata kitu chenyewe hakuna aliyeuliza.

Risiti nayo ni hivyo hivyo. Kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa hapa Dar mwaka 1984. Mwaka uliofuata makumbusho moja ya Geneva ikakinunua Paris, kwa pesa halali kabisa. Kikatambuliwa 1990, kikarudi 2010. Mnunuzi alilipa, na mali ilikuwa ya wizi.

Kwa hiyo mimi nawaambia wanafunzi: kila kitu kigeuzeni, mtazame chini! Juzi nilishika chungu kidogo, mdomo umemeguka. Kwenye kitako kilikuwa na namba tatu: moja ya wino mweusi juu ya rangi nyeupe, nyingine ya penseli, ya tatu kwenye kibandiko chenye ukingo mwekundu. Ya chuo ni moja tu. Hizo mbili ni za mikono iliyotangulia, na kuanzia hapo unasaka barua, orodha za minada na hati za meli. Vitu vya rafu iliyofuata vilishapanguswa na mtu kwa kitambaa kilicholowa ili vipendeze kwa wageni, namba zikafutika. Nisiendelee.

Halafu kuna yale ninayoambiwa kila mara. "Pimeni kaboni mjue ni cha nani." Kaboni inapima umri wa mkaa, mbao au mfupa. Haimjui mwenye mali.

"Vyote viliporwa na Mjerumani vitani." Vingine ndiyo. Lakini mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, Lindi, ilichimbwa 1909 hadi 1913, ikabebwa na wapagazi hadi pwani, kwa ruhusa ya serikali ile ile ya kikoloni. Makaratasi yapo, na mkoloni ndiye aliyejiandikia.

"Gae la chungu nimeliokota Kilwa mwenyewe, ni langu." Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakihesabu kitu kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kuwa malikale, yaani kitu cha kale kinacholindwa na sheria, na kuchimba bila kibali ni kosa. Toa taarifa, liache pale pale. Ukiniletea ofisini limeshaoshwa kwa sabuni, halafu ukaniuliza bei, tutagombana.