DAC ni nini, na Raspberry Pi ya muziki inaihitaji ya nini

Watu wakisikia kwamba Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ukiiwekea programu ya muziki kama Volumio au moOde kwenye memori kadi unapata redio ya nyumbani unayoiendesha kwa simu, wanakimbilia kununua bodi, wanachomeka waya wa sabufa kwenye kile kitundu cha eafoni, halafu wanaambulia muziki wenye ksss kwa nyuma. Lawama zote kwa programu. Programu haina kosa jamani, kinachokosekana hapo ni DAC.

DAC ni chipu inayogeuza namba kuwa umeme wa sauti, basi. Wimbo uliopo kwenye flashi ni namba tupu, yani kwa kiwango cha CD ni namba 44,100 kila sekunde kwa upande wa kushoto na nyingine hivyohivyo kulia, kila moja ya biti 16. Spika haijui namba, inataka umeme unaopanda na kushuka ili isukume hewa, sasa lazima katikati awepo mkalimani. Simu yako anaye, tivi anaye, ndo maana hujawahi kuwaza habari zake.

Pi ilipotoka 2012 ilikuwa ya kufundishia watoto kompyuta kwa bei rahisi, kwa hiyo DAC ya maana hawakuweka. Kile kitundu kinaigiza tu: kinawasha na kuzima umeme haraka mno halafu kinachuja mpaka ufanane na wimbi la sauti. Kwa taarifa ya habari sawa, kwa taarabu yenye violini na ganuni hapana. Na Pi 5 haina kitundu hicho kabisa, sawa na Pi Zero.

Njia rahisi ni DAC ya USB, unachomeka unaichagua kwenye seting imeisha. Nyingine ni bodi ndogo ya DAC inayokaa juu ya zile pini 40 za Pi, kampuni ya HiFiBerry ndo wanajulikana sana, kwenye Volumio unachagua jina lake tu, na kama umeweka mfumo wa kawaida wa Pi unaongeza dtoverlay=hifiberry-dac kwenye faili la config.txt (hiyo ni kwa zile kama DAC+ Light na DAC Zero, zingine zina mstari wake) halafu unariboot. Waya nyekundu na nyeupe unapeleka kwenye sabufa.

Mambo ya biti 24 na kilohezi 192 (yani namba 192,000 kwa sekunde) yasikuumize kichwa, kwa sabufa ya sebuleni hutasikia tofauti, na MP3 iliyobanwa vibaya hakuna DAC itakayoirudisha.

Ila spika tupu, isiyo na amplifaya ndani kama sabufa, usiichomeke moja kwa moja kwenye DAC, umeme wa DAC ni mdogo, lazima upite kwenye amplifaya kwanza. Kama huna, zipo bodi zenye vyote viwili, mfano HiFiBerry Amp2, hiyo inakula volti 12 mpaka 24 na yenyewe ndo inailisha Pi, chaja ya Pi unaiweka pembeni.