Kupe Wageni na Virusi Vyao: Maswali Tunayoulizwa Mgonjwa Akiwa Ameshachelewa

Kupe vamizi ni yupi?

Ni kupe aliyehama kwao na kujikita mahali ambapo zamani hakuwepo. Husafiri juu ya mifugo inayouzwa, mbwa, wanyamapori, hata ndege wanaohama. Akikuta hali ya hewa inayomfaa na wanyama wa kunyonya damu, haondoki tena.

Kupe mmoja ana madhara gani?

Yupo mmoja mwenye asili ya Asia Mashariki, kitaalamu Haemaphysalis longicornis. Jike lake lina uwezo wa kuzaa bila dume, na linaweza kutaga mayai hadi 2,000. Mwaka 2017 alitambuliwa kwenye kondoo huko New Jersey, Marekani. Sampuli za zamani zilipopimwa upya ikabainika alikuwamo nchini tangu 2010 au kabla. Kwao, yaani China, Japani na Korea, hueneza virusi vya SFTS, vinavyoleta homa kali, kushusha chembe sahani za damu (zile zinazosaidia damu kuganda) na kuua baadhi ya wagonjwa.

Mwingine ni Hyalomma, mwenye miguu ya mabaka meupe. Huyu hakai juu ya jani akusubiri upite. Hutoka mafichoni na kumfuata mnyama au mtu. Ndiye mwenezaji mkuu wa homa ya Crimea-Kongo, ambayo inaweza kuua hadi watu 40 kati ya 100 wanaougua, na mgonjwa anaweza kuvuja damu mwilini.

Nilimtoa kupe juzi, leo nina homa. Nisubiri nione?

Hapana. Nenda kituo cha afya leo, na ukifika useme mwenyewe kwamba uliumwa na kupe. Homa ya Crimea-Kongo kwa kawaida huanza siku 1 hadi 3 baada ya kuumwa, na inaweza kufika siku 9. SFTS huweza kuchukua wiki mbili. Kwa hiyo homa yoyote ndani ya wiki mbili baada ya kupe ina uhusiano na kupe mpaka vipimo vikatae.

Lakini si inaweza kuwa malaria tu?

Inaweza, na utapimwa malaria. Usijitibu kwa kubahatisha nyumbani. Tunaowapokea wakiwa hoi wengi wao husimulia safari ileile: dawa ya malaria ya dukani, kisha antibayotiki alizobakiza jirani, kisha sindano ya maumivu, na siku ya tano fizi zinatoka damu. Antibayotiki haziui virusi. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuongeza kuvuja damu. Kama maumivu yamekushinda ukiwa njiani kuja, meza parasetamoli kwa kipimo chake, na safari iendelee.

Kwa nini mnasisitiza nimtaje kupe? Si daktari atajua?

Hatajua. Homa, maumivu ya misuli, kichwa na kutapika ni dalili za magonjwa mengi. Hispania mwaka 2016 mtu aliyeumwa na kupe matembezini alifariki kwa homa ya Crimea-Kongo, na muuguzi wa wagonjwa mahututi aliyemhudumia akaambukizwa. Ugonjwa ulitambuliwa baada ya muuguzi naye kuugua. Sentensi moja, "nilitoa kupe Jumamosi", inabadilisha vipimo, glavu na chumba utakacholazwa.

Nilimtoa mapema, kabla saa 24 hazijaisha. Si niko salama?

Hapana. Hesabu ya saa 24 ilitokana na bakteria wa ugonjwa wa Lyme, ambao huchelewa kutoka tumboni mwa kupe. Virusi vingi vipo tayari kwenye mate. Virusi vya Powassan, vya kupe pia na hushambulia ubongo, vinaweza kuingia ndani ya dakika 15. Mtoe mapema, ndiyo, maana inapunguza hatari ya magonjwa mengine. Ila homa ikija, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nimtoeje?

Chukua kibano chenye ncha nyembamba, kile cha kung'olea nyusi kinatosha. Mshike pale mdomo unapoingia ngozini, si tumboni, kisha vuta moja kwa moja bila kumnyonga wala kumzungusha. Kipande cha mdomo kikibaki na hakitoki kirahisi, kiache. Nawa kwa sabuni, paka spiriti. Kupe mtumbukize ndani ya spiriti au mfungie kwenye chombo kisichopitisha kitu, uje naye.

Sasa kiberiti, mafuta ya taa, vaselini, sigara: acheni, tafadhali. Vingine vinaunguza ngozi, na vyote vinamchelewesha kupe mwilini.

Na kumpasua kwa kucha! Mchunga mifugo anakaa na ng'ombe wake, anang'oa kupe mmoja baada ya mwingine na kuwaminya kwa vidole gumba hadi damu iruke. Damu ile ikiingia kwenye mchubuko au jicho, virusi vimeingia bila kupe kukuuma. Vaa glavu.

Mimi sikuona kupe yeyote.

Kupe mchanga hulingana na mbegu ya ufuta, na kuumwa kwake hakuumi. Kama ulipita kwenye majani, ulikamua, ulichinja au ulimsafisha mbwa, yataje hayo. Na mnyama kuonekana mzima si ushahidi: ng'ombe, mbuzi na kondoo hubeba virusi vya Crimea-Kongo kwenye damu kwa takriban wiki moja bila kuugua.

Kuna chanjo?

Ipo ya homa ya ubongo inayoenezwa na kupe. SFTS na Crimea-Kongo bado hazina chanjo ya matumizi ya kawaida, na matibabu makubwa ni uangalizi wa hospitali: maji, damu, chembe sahani. Huduma hiyo haipatikani kitandani kwako.

Tuliomuuguza nyumbani tufanyeje?

Msiguse damu, matapishi wala nguo zilizolowa bila glavu. Mliokwisha kugusa, toeni taarifa mnapomleta, kisha pimeni joto la mwili asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Likipanda, njooni, na mpige simu kabla ya kuingia wodini.