Nyonga Haiko Pale Unapoishika

Juzi nilialikwa Nyegezi, kwenye ukumbi wa sakafu ya saruji ambako mabinti wanane hujifunza baleti jioni, na kabla ya jambo lingine lolote nilimwomba kila mmoja aguse nyonga yake kwa kidole. Wote waligusa ubavuni, kwenye fupa gumu linalojitokeza juu ya paja. Hata wachezaji wa Bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, wa kule Kisesa, ambao huinama na majembe yao muda mrefu, hunijibu hivyohivyo, nami siwalaumu, kwa kuwa fupa hilo ndilo linaloshikika. Hata hivyo, hiyo ni sehemu ya fupa la paja. Kiungo chenyewe kimo ndani zaidi, nyuma ya mkunjo wa kinena, pale nguo inapojikunja mtu akikaa.

Kwa mchezaji wa baleti suala hili si dogo, kwa sababu mguu unaogeuzwa nje unapaswa kugeukia ndani ya kiungo hicho, kichwa cha fupa la paja kikizunguka katika kikombe chake. Kikombe hicho ndipo yanapokutana mafupa matatu yanayounda fupanyonga la kila upande, nayo hayaungani kabisa mpaka umri wa balehe. Kimeelekea nje, mbele kidogo, na chini. Shingo ya fupa la paja nayo, kwa mtu mzima, kwa kawaida huelekea mbele kwa takribani nyuzi 15. Ambaye yake imezidi hapo miguu yake hugeuka ndani kwa urahisi na nje kwa shida, na hakuna zoezi litakaloibadili shingo hiyo akishakua.

Binti mmoja, aliyelalamika kwamba magoti yanamuuma upande wa ndani, nilimlaza kifudifudi, nikamkunja goti, nikauacha muundi uangukie upande wa mguu wa pili huku nimeshikilia fupanyonga lisinyanyuke. Mgeuko wa nje wa nyonga yenyewe ulikuwa nyuzi 40 kulia na 45 kushoto, jumla 85. Akisimama, nyayo zake zilikaribia mstari mmoja wa nyuzi 180. Kiasi fulani cha ziada hiyo ni msokoto wa asili wa mfupa wa muundi, lakini kilichobaki kilitoka kwenye magoti na vifundo, huku saruji yenye mkwaruzo ikizishikilia nyayo zisirudi.

Alikuwa pia akibinua kiuno. Mbele ya nyonga kuna kano nene inayozuia paja kwenda nyuma na kugeuka nje, na fupanyonga likiinamia mbele kano hiyo hulegea, mguu ukaongeza mgeuko wa bandia unaolipiwa na mgongo wa chini. Zamani dawa yangu ilikuwa kuwaambia wabane makalio. Nilikosea: misuli mikubwa ya makalio ikikakamaa, paja halizunguki kwa uhuru, ilhali kazi hiyo hasa ni ya misuli sita midogo iliyojificha chini yake.

Tulipunguza pembe ya nyayo, akaweka vidole viwili kwenye mkunjo wa kinena, akakunja magoti polepole, kila goti likielekea kidole cha pili cha mguu.

“Dokta, mbona sasa naonekana kama sijui?” aliuliza akijitazama kwenye kioo cha dirisha.

Nikamwambia ainue mguu pembeni. Uliishia chini ya pale alipozoea, ila safari hii kiuno hakikupanda nao.