Najisi, maji ya upako na kopo la sokoni: tunavyouelewa vibaya utakatifu

Tunauelewa vibaya utakatifu, na sehemu ya lawama ni ya neno lenyewe. "Takatifu" linatokana na kutakata, kama anga linavyotakata mvua ikiisha, au shuka jeupe kwenye kamba. Kwa hiyo Mswahili akisikia utakatifu, jicho lake hutafuta doa kwanza: sketi fupi, wigi, kucha zilizopakwa rangi. Neno la Kiebrania lililo nyuma yake, kadoshi, limebeba zaidi maana ya kutengwa kwa ajili ya Mungu. Doa si habari yake kuu. Hizi hapa dhana tano potofu zinazotokana na kuelewa huko vibaya.

"Aliye najisi ametenda dhambi"

Dhana hii imewaumiza wanawake kuliko nyingine zote. Nimewahi kukaa benchi moja na mama aliyebaki kitini wakati wa Meza ya Bwana, anakunjakunja leso, wenzake wakipita mbele mmoja mmoja. Baadaye aliniambia kwa sauti ya chini, "Niko kwenye siku zangu, mwanangu." Hakuna aliyemzuia Jumapili ile. Alijizuia mwenyewe, kwa mafundisho ya tangu usichana.

Tufungue Mambo ya Walawi 15. Ni kweli, mwenye hedhi alihesabiwa najisi siku saba. Lakini sura hiyohiyo inamhesabu mume aliyelala na mkewe wa ndoa kuwa najisi hadi jioni, pamoja na mkewe. Hesabu 19 inasema aliyegusa maiti ni najisi siku saba. Je, kumwosha na kumzika baba yako ni dhambi? Unajisi wa namna hii ulikuwa hali ya mwili iliyomweka mtu mbali na hema la ibada kwa muda, ikaondoka kwa maji na kusubiri. Kwa hedhi ya kawaida haikudaiwa sadaka wala toba. Na yule mwanamke wa Marko 5, aliyetokwa damu miaka 12, aligusa vazi la Yesu katikati ya umati. Yesu hakumkemea. Alimwita "Binti".

"Maji na mafuta ya upako ndiyo yanayosafisha"

Jumamosi ya 1 Februari 2020, watu 20 walikufa katika msongamano kwenye uwanja wa Majengo, Moshi, wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Sitaki kuwabeza marehemu. Mtu mwenye shida hukimbilia popote anapoambiwa pana mlango.

Wanaouza chupa za upako hupenda kumtaja Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma, aliyejichovya Yordani mara saba akapona. Hawafiki mwisho wa 2 Wafalme 5. Naamani alikuja na talanta 10 za fedha, dhahabu na mavazi, na nabii Elisha, aliyemwelekeza mtoni, hakupokea hata kimoja. Gehazi, mtumishi wa Elisha, ndiye aliyemkimbilia mgeni njiani akachukua talanta mbili na mavazi ya akiba, akaishia kupata ukoma wa Naamani. Atatokea wa kusema, "Mbona Naamani aliondoka na udongo?" Ndiyo, aliomba mzigo wa nyumbu wawili, kwa ajili ya ibada kwao. Alipewa bure.

"Watakatifu ni wale waliokwisha kufa"

Paulo aliwaita Wakorintho watakatifu wakiwa hai, tena wakiwa wanashitakiana mahakamani na kulewa kwenye chakula cha Bwana. Soma barua yenyewe, utashangaa.

"Ukishaokoka umetakasika, basi"

Katika Yohana 13, Petro anataka aoshwe mikono na kichwa pia. Yesu anamjibu kwamba aliyekwisha kuoga hana haja ila ya "kutawadha miguu". Ndivyo inavyosema Biblia ya Union ya 1952, kwa neno lilelile analotumia jirani yangu Mwislamu kabla ya swala. Kuoga ni mara moja, lakini njia ina vumbi kila siku. Walokole wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, walilielewa hili: waliungama wao kwa wao katika vikundi, wakaita kutembea nuruni, na wengi walirudisha mali waliyoiba.

"Utakatifu ni mambo ya ibadani"

Walawi 19 inaanza na amri ya kuwa watakatifu. Halafu inashuka shambani na sokoni. Usivune mpaka pembeni, mwachie maskini. Ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Usimwekee kipofu kikwazo. Sura inapokaribia kufungwa inataja mizani ya haki na vipimo vya haki, yaani kopo la maharage. Mnalijua lile kopo: kitako kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani, na muuzaji, mwenye sauti nzuri kwaya nzima, analijaza hadi linafanya kilima juu, huku kidole gumba chake kikiwa ndani ya ukingo.